Safari hii niliyelala mezani ni mimi

Mama watoto alisikia neno moja tu. Daktari kijana aliongea nasi karibu dakika kumi, kwa adabu zote, akichora moyo nyuma ya karatasi ya dawa, lakini mke wangu alitoka mle chumbani na neno moja: uvimbe. "Mzee wangu, kwenye moyo bado kuna uvimbe, tunausubiri upungue." Tulipofika kwenye korido akaketi kwenye benchi, akavuta mtandio ukamfunika uso, akalia. Dada yake alikufa kwa uvimbe. Jirani yetu wa Makorora, uvimbe. Kwa watu wa rika letu, ukishatamka uvimbe kinachofuata ni safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani, na mchango wa ukoo.

Mimi nikacheka. Haikuwa raha, kifua kilikuwa kinauma kila nikivuta pumzi. Nilijicheka mwenyewe, maana kwa miaka 31 nimewaona watu wakitoka vyumba vya madaktari na neno moja hivyo hivyo, wamelishika kama tiketi, na sikumfuata hata mmoja nikamweleza. Mke wangu nilimweleza, ila nilimweleza ovyo, nusu nusu, pale pale kwenye benchi. Nikamwahidi tukirudi Tanga nitaliandika jambo lote kwa utaratibu. Deni ni deni, basi nalilipa.

Kazi yangu ilikuwa eksirei. Nimestaafu sasa. Nimewapiga picha watu wa mji huu vifua, nyonga na mikono: wakata mkonge wenye kikohozi kisichoisha, watoto walioanguka kwenye miembe, na miaka ya mwisho vijana wa bodaboda, ambao walikuwa wengi kuliko wote. Hirizi nazo nimeziona nyingi. Unamwambia mtu avue kila kitu cha chuma, anavua saa, anavua pete, anatoa sarafu, anaapa hana kingine. Picha ikitoka, chini ya mbavu pale kuna kijibati kimekunjwa na ndani yake kijisindano. Sikuwa nawauliza. Nilikuwa nasema tu, "Picha haikutoka vizuri, turudie," naye anaelewa, anaenda nyuma ya pazia, anarudi mwepesi.

Kwa hiyo mashine naijua kwa upande wa vitufe. Upande wa meza niliujua mwaka jana, wakati wa kipupwe.

Ilikuwa Jumamosi baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa na baiskeli, naelekea Deep Sea, soko la samaki, kutafuta changu kabla wachuuzi hawajawamaliza. Maumivu yalinikuta njiani. Hayakuwa ya kuchoma wala ya kukata. Yalikuwa ya kukandamiza, kama mtu kaniwekea gunia la saruji kifuani kisha akalikalia, yakapanda tayani na kushuka mkono wa kushoto hadi kidole cha mwisho. Jasho likanitoka, na upepo ule wa asubuhi ulikuwa baridi. Nikaingia zahanati moja ya njiani, sitaitaja, wakaniambia ni gesi. Na mimi, mtu niliyezeekea hospitalini, nikafurahi kuambiwa gesi! Nikarudi nyumbani, nikachemshiwa tangawizi. Nikapoteza masaa manne namna hiyo.

Masaa hayo nayajutia mpaka leo, kwa sababu baadaye nilikuja kuona picha yake. Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na bonge la damu, na hilo ndilo shambulio la moyo, nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Haifi yote kwa mpigo. Kifo kinaanzia upande wa ndani wa ukuta, kinasogea kuelekea nje, saa baada ya saa, kama maji yanavyopanda ufukweni. Kila kikombe cha tangawizi nilichokunywa kina milimita zake.

Ya safari nayapita haraka. Hospitali ya mkoa walinipima umeme wa moyo, wakanipa aspirini nitafune, wakaita gari. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, Segera, Chalinze, na mke wangu pembeni anasoma Yasini. Dar wakapitisha waya kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakafika hadi moyoni, wakauzibua mshipa wa mbele na kuacha stenti humo, kijibomba cha wavu wa chuma chenye urefu wa punje tatu nne za mchele. Nilikuwa macho muda wote, naangalia kwenye skrini. Rangi ya dawa ilipopita pale palipokuwa pameziba, nilijikuta nasema kwa sauti, "Picha safi." Wauguzi wakacheka.

Siku ya tatu nikapimwa eko. Ile ni utrasaundi tu, kama ya wajawazito, na jeli yake ni baridi vile vile. Binti aliyenipima alinigeuzia skrini baada ya kujua nilikuwa mtu wa picha. Ukuta wa nyuma wa moyo ulikuwa unajikamua kama mtu anayekamua shuka. Ncha ya moyo haikuwa inajikamua, ilikuwa inavutwa tu na wenzake. Moyo ulikuwa unatoa asilimia 38 ya damu iliyomo kwa kila pigo. Wa mtu mzima mwenye afya unavuka 50 vizuri.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hapo palipotulia pamekufa au pamelala?"

"Hilo eko haliwezi kukuambia leo, mzee."

Alinijibu kweli. Nyama ya moyo iliyonyimwa damu kisha ikarudishiwa huweza kuzubaa siku nyingi, hata wiki kadhaa, haijafa wala haifanyi kazi. Eko inaona mwendo, na aliyezubaa na aliyekufa, kwa mwendo, ni ndugu. Ndiyo maana siku ya sita nikapelekwa kwenye MRI.

Hapo niseme ukweli wote. Kijana wa MRI aliniambia nivue kila kitu cha chuma, nikavua saa na pete, nikaapa sina kingine. Nikalala mezani. Ndipo nikakumbuka kwamba usiku tulipokuwa tunaondoka Tanga, mama watoto alinifunga kitu chini ya kwapa, nikiwa sina hata nguvu ya kubisha. Nikainuka bila kusema neno, nikaenda nyuma ya pazia. Kijana hakuniuliza. Amefundwa vizuri. (Stenti yenyewe haina tatizo na sumaku ya MRI, kwa wale wanaohofia. Nilihofia na mimi.)

Mle ndani ni kelele tupu, kama mafundi bati wa Ngamiani wote wameamka siku moja. Sauti inakuja kwenye vispika vya masikioni: vuta pumzi, toa, shikilia. Nilikuwa nawaambia watu "usipumue" kwa sekunde mbili, sasa naambiwa mimi kwa sekunde kumi na tano, mara arobaini hivi, na kifua kina kidonda ndani. Nawaomba radhi wote niliowahi kuwafokea kwa kutikisika.

Kazi yake ni hii. MRI haitumii mionzi kama mashine yangu. Inatumia sumaku, na kinachoitikia ile sumaku kwa sehemu kubwa ni maji yaliyomo mwilini. Mahali palipoumia mishipa midogo huvuja na maji hujaa kati ya nyuzi za nyama, kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Kuna aina ya picha ambayo nyama iliyolowa inang'aa kuliko iliyo kavu. Hiyo ndiyo picha ya kwanza.

Ya pili inahitaji dawa, gadolini, wanakuchoma kwenye mshipa wa mkono halafu wanasubiri dakika kumi na zaidi. Nyama yenye afya inaipitisha dawa na kuiacha iende zake. Nyama iliyokufa, seli zake zimepasuka, dawa inaingia na kukwama humo. Hapo palipokufa panatoka peupe pe, kama nyama ya nazi, na palipo hai panabaki peusi. Kwangu mimi hiyo ni kinyume cha mazoea, maana kwenye eksirei nilizoea weupe uwe mfupa, kitu kigumu, kitu cha kutegemea.

Daktari aliziweka picha mbili sambamba. Ya kwanza, sehemu iliyolowa, ilikuwa pana, imechukua ukuta wa mbele karibu wote. Ya pili, sehemu iliyokufa, ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kati ya mpaka wa kulowa na mpaka wa kufa palikuwa na ukanda, mwembamba hivi, na akaufuata kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. Hiyo ndiyo nyama iliyoponea chupuchupu kwa sababu mshipa ulizibuliwa. Ndani ya weupe kulikuwa na doa dogo jeusi, na alipolifikia sauti ikapungua: hapo mishipa midogo kabisa imeziba kiasi kwamba hata dawa imeshindwa kuingia. Doa kama hilo si habari njema. Langu lilikuwa dogo.

Ndipo akasema uvimbe.

Sasa turudi kwenye benchi. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mashua kule Tongoni, na mke wangu kwao ni Pangani, kwa hiyo nilitafuta maneno tunayoyajua wote wawili.

"Unajua mashua ikivuja?"

"Inatiwa kalafati."

"Kabla ya kutia kalafati fundi anafanya nini?"

Akafuta pua. "Anaitoa ya zamani."

Basi. Anaitoa. Baba alikuwa na chuma chake cha kuchokolea, anaivuta pamba kuukuu iliyooza kati ya mbao, anakwangua, anapuliza, ndipo anatia pamba mpya yenye sifa, yale mafuta ya samaki, na kuigonga taratibu. Akikwangua kidogo mno, uozo unabaki chini na pamba mpya haishiki. Akikwangua kwa hasira, ubao unalika na mashua inaharibika kuliko ilivyokuja. Na kuna wakati wa kuacha kukwangua. Nilikuwa mtoto sikuuona wakati huo, yeye aliujua kwa kidole gumba.

Moyo nao unafanya vivyo hivyo. Ndani ya masaa machache baada ya nyama kufa, damu inaleta chembe nyeupe za kwanza, nyutrofili, hizo ni wakwanguaji wenye hasira, wanamwaga kemikali zinazoyeyusha mabaki. Siku chache za mwanzo ni zao. Nyuma yao wanakuja walaji wakubwa, makrofaji, wanakula mabaki na hata nyutrofili zilizokufa. Kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza tabia inabadilika: makrofaji za aina nyingine zinawaita mafundi wa nyuzi, na hao wanafuma kovu kwa wiki kadhaa mpaka linakuwa gumu. Moto huo wote, joto lake, maji yake, chembe zake, ndio daktari aliouita uvimbe. Si donge. Hakuna kitu kinachoota.

"Kwa hiyo sasa hivi wamo humo, wanakwangua?"

"Wamo."

"Na daktari amewaona?"

Nikanyamaza. Nimeishi na huyu mwanamke miaka 34, na kila akiuliza swali la tatu huwa nina shida. Daktari hakuwaona. Aliona maji. Aliona palipokufa. Kutokana na maji akahisi kwamba wakwanguaji wako kazini, kama mtu anayeona matope mlangoni akajua wageni wameshaingia. Na hata hayo maji yana hila zake: watafiti wa Madrid walichapisha mwaka 2015 kazi waliyofanya kwa nguruwe (samahanini), wakiwapiga MRI tena na tena baada ya kuziba na kuzibua mshipa wa moyo. Maji yalijaa mara tu damu iliporudi, yakakaribia kukauka ilipofika saa ya 24, kisha yakajaa upya siku zilizofuata hadi wimbi la pili likawa wazi siku ya saba. Wimbi la kwanza ni la damu kurudi kwa kishindo, la pili ndilo la ukarabati. Ukipiga picha siku isiyo yake, unaweza kusema pamekauka na kumbe wakwanguaji ndio wanavaa ovaroli.

Swali lile la tatu lilinisumbua hadi Makorora. Usiku nikawa silali, dawa moja inanikausha koo, nikawa nasoma kwenye simu mpaka mama watoto ananipokonya. Na nilikuta kwamba wapo wanaozipiga picha chembe zenyewe.

Mashine ni PET. Unachomwa kitu chenye mionzi kidogo kilichoambatishwa kwenye kitu ambacho chembe unayoitafuta inakipenda, halafu mashine inaangalia kimekusanyika wapi. Kinachotumika sana ni sukari yenye florini 18. Chembe zenye hasira zinakula sukari kwa pupa, kwa hiyo zinang'aa. Shida ni kwamba moyo wenyewe ni mlaji wa sukari. Ukipiga hivi hivi, moyo mzima unawaka na huoni kitu. Dawa yake ni jikoni: kabla ya kipimo mgonjwa anakatazwa wanga na sukari kabisa, anapewa vyakula vya mafuta na protini, kisha anafunga kwa masaa mengi. Moyo ukikosa sukari unageukia mafuta bila manung'uniko. Chembe za uvimbe hazina ustaarabu huo, zinaendelea kuidaka sukari ile, na hapo ndipo zinajianika.

Nikamsomea mke wangu orodha ya visivyoruhusiwa: wali, ugali, mkate, chapati, muhogo, ndizi, maharage, chai ya sukari.

"Na mtu wa Tanga atakula nini?"

"Mayai. Nyama. Samaki."

"Samaki bila wali," akasema, na akageukia ukutani kulala.

Watu wa Munich, Ujerumani, walitumia sukari hiyo kwenye mashine inayopiga PET na MRI kwa pamoja, siku chache baada ya wagonjwa kuzibuliwa mishipa, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba waliowaka zaidi ndio ambao mioyo yao ilirejea vibaya zaidi miezi iliyofuata. Wenzao wa Hannover wanatumia kitu kingine, chenye galiamu 68, kinachoshika mlango uitwao CXCR4 ulio kwenye ngozi ya chembe za uvimbe. Hakihitaji kunyimana wali. Nao walifanya jambo lililonifanya nikae kitako kitandani: kwa panya waliozibwa mshipa wa moyo, walitumia picha kujua siku ambayo uvimbe umefika kileleni, wakatoa dawa ya kuufunga mlango huo siku hiyo, ya tatu, na mioyo ikapona vizuri zaidi. Dawa ile ile ikichelewa hadi siku ya saba, faida haikuonekana. Baba na kidole gumba chake.

Kuna zaidi. Ukimpiga mtu PET ya namna hii mwili mzima, hauwaki moyo peke yake, bandama na uboho wa mifupa navyo vinawaka, kwa sababu ndiko askari hawa, chembe za uvimbe, wanakotokea. Mwaka 2009 watu wa Boston walionyesha kwa panya kwamba bandama ni ghala la chembe hizi, na moyo ukiumia ghala linafunguliwa. Mimi bandama niliijua kwa malaria tu. Watoto wa Muheza enzi zile, unampiga picha ya tumbo, bandama imeshuka hadi kitovuni.

Sasa msinitumie ujumbe kuniuliza Tanga wanapiga wapi PET. Nimepiga hesabu kwa burudani yangu. Florini 18 inapungua nusu kila baada ya dakika 110. Tuseme imetoka Dar na basi la alfajiri, masaa sita barabarani. Ikishuka Kange imebaki kama sehemu moja ya kumi. Galiamu 68, ambayo kwa bahati nusu yake ni dakika 68 hivi, ingefika imebaki kama asilimia mbili na nusu. Dawa hizi ni kama samaki wa Deep Sea, zinatakiwa zipikwe pale zinapovuliwa. Waja leo waondoka leo, kweli.

Mtu atauliza, picha zote hizo za nini, si wangetoa tu dawa ya kuzima uvimbe? Wametoa sana. Miaka ya 1970 walijaribu steroidi, zikaja taarifa za makovu membamba na mioyo iliyopasuka, wakarudi nyuma. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa ulioitwa CANTOS, watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, wenye kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini. Dawa iitwayo kanakinumabu ilipunguza mashambulio mengine, viharusi na vifo vya moyo, vyote vikijumlishwa pamoja, kwa asilimia 15, lakini waliokufa kwa maambukizi wakaongezeka kidogo. Ukimzuia askari asipige, mwizi naye anafurahi. Mwaka 2019 ikaja kolkisini, kidonge cha siku nyingi cha gauti, rahisi: kwa watu 4,745 waliotoka kwenye shambulio ndani ya siku 30, matukio yalipungua kwa asilimia 23. Nikamwandikia daktari wangu kwa furaha. Akanijibu kwa upole kwamba mwaka 2024 utafiti mwingine, watu zaidi ya 7,000, kidonge hicho hicho, haukuona faida. Sikuandikiwa.

Maoni yangu, na ni maoni ya fundi eksirei mstaafu, yachukueni hivyo: hizo tafiti za kolkisini ziliwapa watu wote kalafati moja bila kuchungulia kati ya mbao. Yupo ambaye uvimbe wake umepitiliza na yupo ambaye umetulia unafanya kazi yake, na wote wamemeza kidonge kile kile. Mtu aliyekesha chumba cha giza akisubiri filamu iive hawezi kulipenda hilo. Watazame kwanza.

Kabla sijafika mwisho, nikiri kosa. Wiki ya tano baada ya kurudi, goti langu la zamani likaamka. Nikaenda duka la dawa, nikanunua diklofenaki, kama nilivyonunua miaka yote, kama mnavyonunua ninyi. Nikameza siku nne. Nilidhani, kwa elimu yangu hii ya simu, kwamba nikituliza uvimbe wa goti nitautuliza na wa moyo, ndege wawili kwa jiwe moja. Nilipomtajia daktari kwenye simu, kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Akaniambia nitupe. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii zao, kwa mtu aliyetoka kwenye shambulio la moyo, zinaongeza hatari ya shambulio jingine, na zikikutana na zile dawa mbili za kuzuia damu kuganda nilizopewa kwa ajili ya stenti, tumbo linaweza kuvuja damu. Goti nimelipa panado na barafu. Muuza duka hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia.

Mwezi wa nne nikapimwa eko tena, hapa hapa Tanga. Asilimia 46. Ncha bado haijikamui, hiyo ni kovu na itabaki kovu, lakini ule ukanda mwembamba pembeni yake umeamka. Nimeuona kwa macho yangu ukijikunja. MRI ya pili nimeambiwa si lazima. Bei yake ni baiskeli mbili, na moja ninayo.

Picha za ile ya kwanza walinipa kwenye CD. Kompyuta ya nyumbani haina pa kuiingizia, kwa hiyo inakaa juu ya kabati ndani ya bahasha ya kaki. Wiki iliyopita mama watoto alinikuta dirishani nimeishika kwa ncha za vidole, nimeinyanyua juu kwenye mwanga wa jua, nimekunja jicho moja kama nilivyokuwa nashika filamu.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Upinde wa mvua."

"Na uvimbe?"

"Sioni."

Akaichukua, akaipangusa kwa kanga yake, akaigeuza huku na huku kwenye jua, akatazama yeye.